Ufundi wa vipimo viwandani: uingie kwa VETA, kwa stashahada, au kwa kuwa saidia fundi?

Ilikuwa saa nane usiku. Tangi la maji linafurika, maji yanateremka kwenye ngazi za chuma, huku skrini ya chumba cha kuendeshea mitambo ikisema tangi lina asilimia 62 tu. Fundi umeme alikuwa keshakagua nyaya, hakuona kasoro. Fundi mitambo alikuwa keshasikiliza pampu, haina neno. Ndipo likatoka lile agizo tulilolizoea sisi wa kazi hii: mwiteni wa vipimo.

Nilikwenda na vijana wawili. Mmoja alikuwa fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, mwaka wa mwisho wa stashahada. Mwenzake alikuwa saidia fundi, shule kaishia kidato cha pili, kiwandani ana miaka minne. Yule wa chuo akafunga multimita (mita ya kupimia umeme) kwenye transmita, kile kifaa kinachopima na kutuma kipimo kwenye skrini, akasoma mkondo wa miliampea 13.9, akapiga hesabu kichwani na kusema, "Kaka, hii ndiyo hiyo 62. Transmita na skrini vinakubaliana. Kosa liko kabla ya transmita." Alikuwa sahihi kabisa, na hapohapo akakwama. Yule mwingine hakuwa na habari na miliampea. Alifunga valvu ya transmita, akalegeza kizibo cha bomba dogo linaloleta presha kutoka tangini, akachokoa kwa waya. Likatoka tope zito kama uji wa ulezi, kisha maji. Tulipofungua valvu, skrini ikaruka mpaka 100.

Usiku ule nilikuwa na nusu mbili za fundi mmoja. Ndiyo maana wadogo zangu wakiniuliza njia ipi ni bora ya kuingia kwenye kazi hii, nashindwa kujibu kwa neno moja. Zipo njia tatu za kawaida hapa Tanzania, na kila moja humwachia mtu shimo fulani. La kujiuliza ni shimo lipi utaweza kulifukia mwenyewe baadaye.

Kazi yenyewe

Fundi wa vipimo, au "mtu wa instrumentesheni" kama tunavyoitwa kiwandani, si yule ofisa wa Wakala wa Vipimo anayekagua mizani ya sokoni na pampu za petroli. Sisi ni wa ndani ya kiwanda. Tunafunga, tunaunganisha, tunafanyia kalibresheni, yaani kuhakiki na kurekebisha usahihi, na kutengeneza vifaa vinavyopima presha, joto, kina na mtiririko, pamoja na valvu zinazofunguka na kujifunga kufuata vipimo hivyo. Kiwanda cha saruji pale Wazo Hill, viwanda vya sukari vya Kilombero na TPC Moshi, mgodi wa dhahabu wa Geita, mitambo ya gesi ya Songo Songo na Madimba: kote huko mtambo unaendeshwa na mtu aliyekaa mbele ya skrini. Hawezi kuona ndani ya bomba. Anaamini namba, na namba ile ni dhamana yetu.

Lugha yetu kubwa ni miliampea 4 hadi 20. Tangi likiwa tupu transmita inatuma 4, likijaa inatuma 20, na katikati ni 12. Wengi huuliza kwa nini isianzie sifuri. Sifuri ina maana yake nyingine: waya umekatika au chombo kimekufa. Kama ingeanzia sifuri, usingejua tangi ni tupu au waya umeliwa na panya. Na panya wanakula kweli, hasa penye sukari.

Jambo la mwisho kabla ya kulinganisha: matangazo ya kazi hutaja ngazi tatu. Fundi mchundo ndiye wa spana na mkono. Fundi sanifu ana stashahada, anasoma michoro na kusimamia kazi. Mhandisi yuko juu yao. Njia unayochagua leo ndiyo itakayoamua unaanzia ngazi ipi, ingawa si lazima iamue utaishia wapi.

Vigezo nilivyotumia

Nitazipima njia zote kwa mambo yaleyale. Kwanza, masharti ya kuingia, muda na gharama. Pili, unatoka na mkono wa namna gani na kichwa cha namna gani, maana kazi hii inataka vyote viwili. Tatu, karatasi utakayoshika mbele ya mwajiri, na dari yake, yaani karatasi hiyo ikuinue hadi wapi. Nne, njia inamfaa nani. Mshahara sikuuweka kama kigezo peke yake kwa sababu unatofautiana mno kati ya kiwanda na kiwanda. Fundi mchundo wa mgodini anaweza kumzidi fundi sanifu wa kiwanda kidogo cha sabuni.

Njia ya kwanza: chuo cha ufundi stadi

Kuingia, muda na gharama. VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na vyeti vyake vya sasa vina ngazi tatu: NVA I, II na III. Baadhi ya fani zinataka umalize kidato cha nne, na zipo zinazompokea wa darasa la saba. Ada katika vyuo vya serikali si kubwa ukilinganisha na vyuo binafsi. Kinachoumiza zaidi ni nauli, vifaa na chakula kwa wa kutwa. Hesabu takriban mwaka kwa kila ngazi, fildi ikiwa ndani yake. Hapa pana mtego mmoja: si kila chuo kina fani ya instrumentesheni yenyewe. Wengi wetu tuliotokea huko tulisoma umeme wa viwandani au elektroniki, kisha tukageukia vipimo kazini. Kabla ya kujaza fomu, nenda chuoni, omba kuona karakana, na uulize wanafunzi wanashika nini kwa mikono yao. Kampuni za migodi pia zimewahi kushirikiana na VETA Moshi kufundisha mafundi wa migodini, kwa hiyo uliza pia kama kuna mpango wa namna hiyo unaoendelea.

Mkono na kichwa. Mkono ndiyo nguvu ya njia hii. Utapiga tupa mpaka vidole viote sugu, utachomelea waya kwa risasi, utakata na kukunja tyubu. Nichukue mfano mmoja mdogo unaowatenganisha mafundi. Fitingi za tyubu za nusu inchi hukazwa kwa vidole kwanza, unaweka alama, kisha unazungusha kwa spana mzunguko mmoja na robo. Basi. Asiyefundishwa huendelea kukaza "ili isivuje", anaiminya pete ya ndani, na wiki ya pili inaanza kuvuja kwa sababu hiyohiyo ya kukazwa mno. Kijana wa VETA aliyefundishwa vizuri halifanyi kosa hilo.

Shimo liko kwenye kichwa. Hesabu hupitiwa haraka, na vifaa vya baadhi ya karakana ni vya zamani: geji za mshale na vifaa vinavyoendeshwa kwa hewa ya presha ya psi 3 hadi 15. Wengine huvicheka, mimi sivicheki. Valvu kubwa za viwandani bado zinasukumwa na hewa, na aliyejifunza hewa vizuri hahangaiki na valvu iliyogoma. Lakini siku utakayokabidhiwa transmita inayowekewa mipangilio kwa kifaa cha mkononi, yenye menyu ndani ya menyu na Kiingereza kitupu, ndiyo siku utakayojua ulichokikosa.

Karatasi na dari. NVA III inakuweka vizuri kwenye nafasi za fundi mchundo, na waajiri wanaijua. Haikufungii juu pia. Ukiwa nayo pamoja na cheti cha kidato cha nne unaweza kuomba kuingia masomo ya ngazi ya NTA, yaani ngazi za vyuo vya ufundi zinazofikisha kwenye stashahada, kwa masharti ya chuo husika, na nimewaona waliopanda hivyo wakiwa mafundi sanifu wanaoogopwa kwa uzuri, maana huwezi kuwadanganya kwa lolote.

Inamfaa anayetaka kushika kazi mapema, ambaye mikono yake hufikiri kabla ya kinywa, na asiyeweza kuwaelemeza wazazi kwa miaka mingi.

Njia ya pili: stashahada

Kuingia, muda na gharama. Hapa tunazungumzia vyuo kama DIT, iliyoanza mwaka 1957 kama chuo cha ufundi cha Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha kilichoanza 1978, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Unasoma miaka mitatu, kutoka NTA ya 4 hadi ya 6. Unahitaji kidato cha nne chenye ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini, na kwa fani za uhandisi macho yote yako kwenye hesabu na fizikia. Ni ghali kuliko VETA, si kwa ada tu bali kwa miaka mitatu usiyoingiza shilingi. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imekuwa ikiwakopesha wanafunzi wa baadhi ya fani za stashahada. Angalia kama fani yako imo, na ukumbuke ni deni. Jina la fani lisikubabaishe pia. Umeme, elektroniki na mekatroniki zote zinaweza kukufikisha. Soma orodha ya masomo yenyewe utafute vipimo, udhibiti na PLC, ile kompyuta ya kiwandani inayoendesha mitambo.

Mkono na kichwa. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu mafundi wa zamani wana tabia ya kuwadharau "watoto wa vyuo", nami nilikuwa mmoja wao mpaka siku niliyofunzwa adabu.

Tulikuwa na kipimo cha mtiririko wa maji kinacholalamikiwa. Kipimo cha aina hii kina bamba lenye tundu ndani ya bomba. Maji yakipita, presha kabla ya bamba huwa kubwa kuliko ya baada yake, na tofauti hiyo ndiyo tunayoipima. Ila haiendi sambamba na mtiririko. Mtiririko ukiwa nusu, tofauti ya presha ni robo tu. Kwa hiyo mahali fulani lazima kitafutwe kipeuo cha pili ili skrini iseme kweli. Waendeshaji walisema pampu inatoa nusu ya uwezo wake, lakini skrini inaonyesha asilimia 71. Tulibadilisha transmita mara mbili. Tulifungua bamba, tukalisafisha, tukalirudisha. 71 palepale. Akaja binti mmoja aliyehitimu stashahada mwaka huohuo, akakaa na laptopu yake pembeni, akaandika kwenye kiganja cha mkono: kipeuo cha pili cha 0.25 ni 0.5, kipeuo cha pili cha 0.5 ni 0.707. Akauliza swali moja: "Bro, kipeuo kinatafutwa kwenye transmita au kwenye PLC?" Kilikuwa kinatafutwa kote kuwili. Alizima kimoja. Kazi iliyotuchukua siku tatu ikaisha kabla ya chai.

Hicho ndicho stashahada inachokupa: uwezo wa kulitafuta kosa kwenye karatasi kabla ya kulitafuta kwa spana. Shimo lake ni mkono. Wiki za fildi ni chache, na kuna viwanda vinavyomweka mwanafunzi ofisini apange mafaili, anasainiwa daftari lake, anarudi chuoni hajawahi kushika tyubu. Nimepokea mhitimu anayechora mfumo mzima wa udhibiti wa boila bila kukosea, lakini nikimwambia alete spana ya 17 ananiletea ya 19. Hilo linatibika, ila linatibika kwa yule tu anayekubali kuelekezwa na saidia fundi asiye na cheti. Kiburi ndicho kinachowamaliza wengi wa njia hii.

Karatasi na dari. Karatasi hii ndiyo inayofungua nafasi za fundi sanifu serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira, kwenye mashirika ya umma na kwenye kampuni kubwa. Bodi ya Usajili wa Wahandisi husajili pia mafundi sanifu. Ukitaka kuendelea na shahada, mlango uko wazi. Kwa dari peke yake, njia hii ina nafasi kubwa zaidi. Lakini dari kubwa haimsaidii aliyebaki mtaani miaka miwili akisubiri tangazo la fundi sanifu huku akikataa nafasi za fundi mchundo.

Inamfaa ambaye hesabu hazimtishi, ana anayemsaidia kwa miaka mitatu, na yuko tayari kuanza chini ya cheti chake.

Njia ya tatu: saidia fundi na uanagenzi

Kuingia, muda na gharama. Njia hii ina sura mbili. Ya kwanza ni uanagenzi rasmi: serikali kupitia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi imekuwa ikiwaweka vijana vyuoni na viwandani kwa zamu. Ukiipata, usiiache. Ya pili ndiyo ya wengi: getini. Unaingia kama kibarua wakati wa shatidauni, yaani kiwanda kinaposimamishwa kwa matengenezo. Kiwanda cha sukari, kwa mfano, husimama wakati wa masika kwa sababu miwa haivuniki kwenye matope. Ndipo kila kitu kinafunguliwa. Geji na transmita kwa mamia zinashushwa, zinaoshwa, zinapimwa pointi tano, 4, 8, 12, 16, 20, kupanda na kushuka, kisha zinarudishwa. Mafundi hawatoshi. Anahitajika mtu wa kubeba, kufuta, kuandika namba kwenye vibandiko. Mtu huyo asipopoteza hata skrubu moja kwa wiki tatu, fundi mkuu huuliza jina lake.

Masharti ya elimu hayapo, ada haipo, na unapata kifuta jasho kuanzia siku ya kwanza. Muda nao hauna mwisho uliopangwa, na hilo ndilo la kuangalia. Unaweza kukaa miaka kumi ukiwa bado saidia fundi.

Mkono na kichwa. Mkono utakuwa nao kuliko wote. Utaijua sauti ya valvu inayovuja hewa ukiwa mita ishirini. Utajua bomba gani huziba tope mwezi gani. Lakini utakuwa umekariri bila kujua kwa nini, na kukariri kuna siku kunaua. Niliingia kwa mlango huu mimi mwenyewe, kwa hiyo nitasema la kwangu. Mwaka wangu wa pili nilitumwa kuangalia transmita ya kina cha maji ya boila. Nilikuwa nimemwona fundi akichomoa waya mara nyingi, nami nikachomoa. Sikujua kwamba yeye kila mara alikuwa amepiga simu kwanza chumba cha kuendeshea mitambo na kuomba kinga izuiwe kwa muda. Mfumo ukaona sifuri, ukajilinda kama ulivyoagizwa, boila ikatripu, na kiwanda kizima kikanyamaza. Hakuna aliyeumia. Lakini ukimya wa kiwanda kilichozimika ghafla ni kitu ambacho masikio hayasahau, na fundi wangu aliponijia hakugomba. Alinipa kalamu, akaniambia nichore njia ya ule umeme kutoka transmita mpaka kwenye moto wa boila. Nilishindwa. Jioni ileile nilianza kununua madaftari.

Kwa hiyo ukichagua njia hii, daftari ndiyo ada yako. Andika kila kifaa ulichoshika, herufi zake kwenye mchoro, PT kwa presha, TT kwa joto, FT kwa mtiririko, LT kwa kina, kilikuwa na kosa gani na kilitengenezwa vipi. Omba ruhusa ya kutazama michoro saa za chakula. Dai pia haki zako mapema: mkataba wa maandishi, NSSF, viatu na miwani ya kazi. Kuna wanaofanya kazi juu ya boila wakiwa na kandambili kwa sababu "ni deiwaka tu". Ngozi ya deiwaka inaungua vilevile.

Karatasi na dari. Zamani ulikuwa unabaki na barua ya "kwa yeyote anayehusika" na basi. Siku hizi VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini: unapimwa kwa vitendo na mahojiano, unaelekezwa mapungufu yako, ukifaulu unapewa cheti. Kitumie. Hata hivyo, bila cheti cha kidato cha nne dari iko chini, na utaigonga siku kiwanda kitakapobadilisha mfumo na kutaka wenye vyeti tu kwenye mafunzo ya mtengenezaji. Aliyeishia darasa la saba anaweza kuanza na mtihani wa QT, kisha akafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni kazi ngumu ukitoka shifti ya usiku. Wapo walioiweza.

Inamfaa ambaye hana ada kabisa, anaishi karibu na kiwanda, na ana uvumilivu wa kufundishwa kwa kutumwa.

Mlango wa pembeni

Wapo wanaofika kwetu wakiwa tayari mafundi umeme wa miaka mingi. Wana faida kubwa: waya hauwababaishi, michoro wanaisoma, na wengine wana leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Wanachohitaji ni kuzoea kwamba kwetu umeme ni mjumbe tu. Fundi umeme akiona volti 24 zipo na waya ni mzima, moyo wake unatulia. Wa vipimo ndiyo kwanza anaanza kuuliza: namba hii ni kweli? Kwa nusu mwaka chini ya fundi mzuri, ukijifunza hewa, tyubu na kalibresheni, unahama. Wenzetu wa Kenya hufanya hivyo kwa kukalia mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, daraja la III kwenda la I, ambayo humpima mtu anachoweza kufanya bila kujali alikifunzia wapi.

Uchague vipi kwa hali yako

Kama umemaliza kidato cha nne, hesabu na fizikia zimekaa vizuri, na nyumbani wanaweza kukubeba, stashahada inakufaa. Ila likizo zote zitumie karakanani, hata bila malipo, hata kwa fundi wa friji wa mtaani. Lengo ni mikono iache kutetemeka kabla hujafika kiwandani.

Kama matokeo yako ni ya wastani, au una wadogo wanaosubiri zamu yao ya ada, VETA itakuingiza kazini mapema. Fukia shimo lako kwa kitu kimoja: jifunze asilimia na mlingano wa mstari mpaka uweze kubadilisha miliampea kuwa kina cha tangi bila kikokotoo. Maji ya mita moja yana presha ya kilopaskali 9.81. Anzia hapo, piga hesabu ya tangi la mtaani kwenu.

Kama una familia tayari na huwezi kusimamisha mapato hata mwezi mmoja, usione aibu kwenda getini. Nenda mwezi mmoja kabla ya shatidauni, si siku inapoanza, kwa sababu majina huwa yameshaandikwa. Jiwekee kikomo: mwaka wa tatu usipite hujaomba kupimwa na VETA.

Kama uko Mtwara, Lindi au Tanga na macho yako yako kwenye gesi na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, elewa kwamba sehemu zenye hatari ya mlipuko zina kanuni zake za vifaa na vyeti vyake vya ziada, na nyaraka zote ni za Kiingereza. Njia yoyote kati ya tatu inaweza kukufikisha, lakini hakuna itakayokufikisha kama huwezi kusoma kitabu cha maelekezo kurasa kumi na kueleza ulichosoma. Hali ni hiyohiyo kwa anayewaza Oman au Qatar. Huko wanataka cheti kinachoeleweka pamoja na miaka ya kazi iliyoandikwa vizuri, na wakala halali anayetambuliwa na serikali. Anayekuomba hela ya viza kwenye simu kabla hujaona mkataba, mkimbie.

Na kama bado huna uhakika kuwa kazi hii ni yako, tafuta multimita ya bei nafuu, betri ya volti 9 na rezista chache pale Kariakoo. Funga mzunguko, kisia mkondo kwa hesabu kabla ya kupima, kisha pima. Namba zikitofautiana, tazama utafanya nini: utaitupa mita pembeni, au utakaa mpaka saa saba usiku ukitafuta nani anadanganya.